Kalibu ya Kabaidi Haiondoi Haja ya Mafuta

Mpwa wangu, mzaliwa wa Ngamiani hapa Tanga, anaishi Marekani, ambako kujijazia risasi nyumbani, yaani kuyajaza upya maganda yaliyokwisha kufyatuliwa, ni jambo la kawaida kwa wawindaji. Ameniuliza, kwa kuwa nilikuwa fundi chuma, kama ni kweli kwamba akinunua kalibu ya kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma) ya kurudishia maganda hayo umbo hatahitaji kuyapaka mafuta.

Kauli hiyo ni ya zamani, na ina ukweli nusu: ni kweli kwa ganda la bastola lililonyooka, kwa sababu pete nyembamba ya kabaidi hulibana sehemu ndogo tu kwa wakati mmoja. Ganda la risasi ya bunduki ya kuwindia kama aina ya .30-06, lenye urefu wa milimita 63, hupungua upana kuelekea juu na lina mabega na shingo, kwa hiyo mwili wake karibu wote husuguana na kalibu, na shaba kavu hung'ang'ania humo hata kitako kikang'oka. Wanawake wetu hupaka sabuni mkononi kabla ya kuvaa bangili za kioo, wala hakuna anayeuliza bangili ni ya aina gani.

Kwa anayeanza, kalibu mbili za chuma cha kawaida zinamtosha (ghali si lazima), moja ya kurudisha umbo la ganda zima na nyingine ya kupachika kichwa cha risasi, mradi ziwe za aina ileile ya risasi iliyoandikwa kwenye mtutu wa bunduki yake. Mafuta yawe kidogo, kwani yakizidi hubonyeza mabega ya ganda.