Motisha ya kujitolea ni nini?

Kujitolea kumetokana na kitenzi toa: mtu anajitoa kwa ajili ya mwenzake au jambo fulani. Motisha ya kujitolea ni ile sababu inayomfanya atoe muda na nguvu zake bila mshahara, na hasa inayomrudisha wiki ya pili na ya kumi. Siku ya kwanza wengi huja.

Tusiichanganye na msaragambo wa Upareni, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, au ile kazi ya kuzibua mfereji kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Hapo kuna wajibu: asiyetokea hutozwa faini, na maji yenyewe anayahitaji kwa migomba yake. Ni jirani wa kujitolea, si pacha wake.

Mwaka 1998, Gil Clary, Mark Snyder na wenzao huko Marekani walichapisha dodoso la vipengele 30 linalopima sababu sita. Mtu hujitolea kwa kuwa anaamini ni vyema kusaidia, anataka kujifunza, anatafuta njia ya ajira, watu wake wa karibu wanathamini kazi hiyo, anataka kupunguza upweke au mzigo wa moyoni, au inampa kujiona wa maana. Mara nyingi mmoja hubeba mbili tatu kwa pamoja.

Kwa Moshi na Arusha, sababu ya ajira ni nzito, nayo ndiyo inayosemwa vibaya bure. Kijana aliyemaliza uuguzi anajitolea zahanati huku akisubiri nafasi. Huo si unafiki. Kosa huanza pale anapokaa miezi sita akifagia na kutumwa chai, hajawahi hata kushika rejista ya wagonjwa. Akiondoka, msimamizi analalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo. Moyo alikuwa nao. Kazi aliyopewa haikugusa kilichomleta.

Kwa hiyo, ukiwa msimamizi, muulize anayejitolea siku ya kwanza: "Miezi mitatu ikiisha, ungependa uwe umepata nini?" Andika jibu lake kwenye daftari, kwa maneno yake mwenyewe. Anayetafuta ajira apate angalau kazi moja ya fani yake kila wiki, mtu wa kumwelekeza, na mwishoni barua inayotaja tarehe, saa na kazi alizofanya. Barua ya "alikuwa na nidhamu nzuri" haimfikishi popote. Mama mstaafu aliyekuja kwa sababu nyumba imekuwa kimya usimfungie stoo ahesabu madaftari peke yake. Mweke kwenye kugawa uji, penye watu na maongezi.

Posho ndiyo huharibu mambo kwa haraka. Nauli ya Machame hadi Moshi mjini inajulikana: irudishwe hiyo hiyo, kwenda na kurudi, na iitwe nauli. Ukiongeza hadi ikakaribia ujira wa kibarua, watu wataanza kuipima kama ujira, na kama ujira ni ndogo. Fedha za mradi zikikatika, wanaondoka hata wale ambao mwanzoni wangekuja bila chochote. Usiporudisha kabisa, utabaki na wenye uwezo tu.

Sababu nazo hubadilika. Aliyekuja kutafuta cheti anaweza kubaki kwa ajili ya watoto aliowazoea, kwa hiyo fungua daftari lile tena kila baada ya miezi mitatu na umuulize upya.