Ukuta, radi na mnada wa Msalato: orodha ya Oscar ya 2024 kwa sikio la fundi sauti

Tarehe 23 Januari 2024, saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu, majina ya wanaowania Tuzo za Oscar yalisomwa huko Los Angeles, ambako kulikuwa bado alfajiri. Nilikuwa nyumbani Nkuhungu, hapa Dodoma, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, wingu la mvua limeshatanda. Kwenye kundi letu la watengeneza filamu ubishi ulikuwa umeanza: Oppenheimer vipengele 13, Poor Things 11, Killers of the Flower Moon 10, na Greta Gerwig wa Barbie kaachwa kwenye uongozaji. Mimi nilikuwa nasubiri kipengele kimoja tu. Kazi yangu ni sauti.

Zilitajwa tano: The Creator, Maestro, Mission: Impossible – Dead Reckoning Part One, Oppenheimer na The Zone of Interest. Hiyo ya mwisho nilikuwa nimesoma habari zake tu, sijaiona. Lakini kusikia kwamba filamu isiyo na magari yanayolipuka wala vyombo vya angani imepenya kwenye orodha hiyo, niliinuka kwenye kiti.

Kwanza nieleze kipengele chenyewe, maana wengi hukipita. Zamani zilikuwa tuzo mbili. Moja ya uhariri wa sauti, yaani kutafuta, kurekodi, kutengeneza na kupanga kila mlio unaosikika, kuanzia mlango hadi mvua. Nyingine ya kumiksi, yaani kuamua kila mlio uwe na uzito gani, upi utangulie na upi ujifiche. Ni kama jikoni: mmoja analeta viungo, mwingine ndiye anayejua vinaingia lini na kwa kiasi gani. Kuanzia tuzo za 2021 zikaunganishwa kuwa moja, na ya kwanza ikaenda kwa Sound of Metal. Mimi uamuzi huo sijaupenda hadi leo. Watu wa nje tayari hawajui kwamba hizi ni kazi mbili, na sasa hata tuzo haiwaambii.

Oppenheimer, filamu ya mwanafizikia aliyeongoza utengenezaji wa bomu la kwanza la atomiki, nilijua itakuwemo. Mtu yeyote aliyekulia Dodoma anaijua hesabu ya radi: mwanga kwanza, ngurumo baadaye. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu unazohesabu ni takriban kilomita moja. Siku ya jaribio la bomu, tarehe 16 Julai 1945, Oppenheimer mwenyewe alikuwa kwenye kibanda cha kujikinga umbali wa kilomita kama tisa. Mlio ulimfikia baada ya nusu dakika hivi. Filamu nyingi hupiga mwanga na kishindo kwa pamoja, kana kwamba mlipuko uko sebuleni. Humu moto unapanda kimya, unasikia pumzi za watu tu, na ukimya unavutwa kupita hata hiyo hesabu. Kishindo kinapofika, mwili umeshasahau kujiandaa.

Aliyenasa sauti wakati wa upigaji picha ni Willie Burton, Mmarekani mweusi ambaye tayari alikuwa na Oscar mbili, ya Bird na ya Dreamgirls. Namtaja kwa sababu kazi yake ndiyo yangu: kusimama pembeni na hedifoni masikioni, kuhakikisha maneno ya mwigizaji yanapatikana palepale. Christopher Nolan, mwongozaji wa filamu hiyo, hapendi waigizaji warudi studio kuyasema upya, na anajulikana hivyo. Kwa fundi sauti, huo ni mzigo mzito na heshima kubwa.

Maestro nayo ilistahili, hasa kwa muziki uliopigwa moja kwa moja ndani ya kanisa kuu la Ely, Uingereza. The Creator ilipigwa kwa Sony FX3, kamera ambayo wapiga picha za harusi wa hapa mjini wanaifahamu vizuri, na ikafika Oscar kwa sauti na kwa picha za kompyuta. Kila anayeniambia filamu yake imekwama kwa kukosa kamera kubwa, namtajia hiyo. Mission: Impossible sina la kusema juu yake, ni kazi safi ya watu wanaojua kazi.

The Zone of Interest niliiona miezi kadhaa baadaye, usiku, kwa hedifoni, taa nimezima. Inahusu familia ya Rudolf Höss, mkuu wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, iliyokuwa ikiishi nyumba iliyopakana na kambi, bustani na ukuta tu katikati. Jonathan Glazer, mwongozaji, hakutuonyesha mateso hata mara moja. Tunaona mama akipanda maua, watoto wakiogelea, nguo zikianikwa. Nyuma ya ukuta tunasikia mngurumo usiokatika wa tanuru za kuchomea maiti, mbwa, risasi, amri, sauti ya mtu anayelia kwa mbali. Johnnie Burn, msanifu wa sauti, alichimba kumbukumbu na ushahidi wa mahali pale kabla ya kutengeneza sauti zake, ili kila mlio uwe na sababu ya kuwepo. Waigizaji hawakuzisikia walipokuwa wakicheza. Ziliwekwa baadaye, juu ya maisha ya kawaida kabisa.

Nilisimamisha filamu mara mbili. Ile ya pili nilitoka nje nikasimama uani, maana nilikuwa nimegundua kwamba kwa dakika kadhaa nilikuwa nimeuzoea ule mngurumo. Sikio langu, ambalo nalipwa kwa kulitumia, lilikuwa limeacha kuusikia. Familia ile ndivyo ilivyoishi. Tarehe 10 Machi 2024, Oppenheimer iliondoka na tuzo saba, ila ya sauti ikaenda kwa Burn na mwenzake Tarn Willers. Kwa tuzo hiyo nililia.

Lililoniuma ni Anatomy of a Fall. Ilipata vipengele vitano, filamu bora ikiwemo, na ikashinda uandishi. Lakini kwenye sauti haikuingia hata kwenye orodha ya awali ya filamu kumi iliyotolewa Desemba. Ni kesi ya mke anayeshtakiwa kumuua mumewe, na nzima imesimama juu ya masikio: muziki unaopigwa kwa nguvu ghorofani ukirudiwarudiwa, ugomvi uliorekodiwa kwa siri, mtoto mwenye uoni hafifu anayeulizwa mahakamani alisikia nini na alikuwa amesimama wapi. Nadhani wapiga kura wa kipengele hiki bado huvutwa na sauti nyingi kuliko sauti iliyo mahali pake.

Na nilifurahi kwa jirani zetu. Bobi Wine: The People's President, iliyoongozwa na Moses Bwayo na Christopher Sharp, iliingia kwenye filamu bora ya makala, ya kwanza kutoka Uganda kufika hapo. Mle ndani kuna maiki zinazogongwa, upepo, watu wakikimbia. Sauti haikuweza kuwa safi, na isingefaa iwe safi.

Sasa nirudi kwetu. Tumelelewa na vibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea video mitaani, ambako Lufufu alikuwa akiitafsiri filamu kwa sauti yake juu ya kila kitu. Nilimpenda na bado nampenda. Ila tulizoea kusikiliza maneno tu, na ndivyo tunavyotengeneza filamu: fedha inakwenda kwenye kamera na mavazi, sauti inapewa kinachobaki. Nimeshaitwa kazini kiangazi, upepo wa Dodoma ukivuma, kwenye nyumba yenye bati linalogonga, bila hata manyoya ya kuvisha maiki. Mwongozaji akasema tutarekebisha studio. Hatukuweza, na vipande viwili vya filamu vikatupwa.

Baada ya ile filamu ya Glazer nilianza kufanya kitu kingine. Mwongozaji mmoja kijana alikuja na hadithi ya mama anayesubiri mumewe arudi mnadani na fedha za ng'ombe. Alitaka kuonyesha mnada: mifugo, wanunuzi, moshi wa nyama choma. Bajeti yake ilitosha waigizaji wanne. Nikamwomba asipige picha hata moja ya mnada. Jumamosi nilikwenda kwenye mnada wa Msalato, hapa Dodoma, na kinasa sauti, nikasimama kwanza karibu na zizi, kisha nyuma ya wachoma nyama, kisha mbali barabarani ambapo makelele yote yanakuwa kitu kimoja. Kwenye filamu, mama amekaa ndani anachambua mchicha, dirisha liko wazi. Tunausikia mnada ukijaa, unachangamka, halafu unapungua polepole hadi anabaki ng'ombe mmoja na pikipiki inayoondoka. Mume harudi.

Faili ile ya Msalato ina dakika 41. Nimeitumia tena mara mbili, na nimeshampa kila fundi mwenzangu wa hapa mjini aliyeiomba.