Mazda CX-8: siti ya nyuma kabisa inayokalika, na dizeli inayokuja nayo

Gari nyingi zinazouzwa hapa Arusha kwa jina la "siti saba" ni za watu watano na watoto wawili wavumilivu. Mstari wa tatu upo, mikanda ipo, hata tundu za kuwekea vikombe zipo, ila mtu mzima akikaa pale magoti yanamfika kidevuni. Ndiyo maana CX-8 ilipoanza kuonekana kwenye yadi na kwa wanaoagiza wenyewe Japani, swali la kwanza ninaloulizwa ni moja: hii nayo ni ya watu saba wa kwenye karatasi?

Si ya kwenye karatasi. Lakini ili siti hiyo ikufae inabidi uielewe mashine iliyo mbele, kwa sababu nyingi ya CX-8 zinazotufikia ni za dizeli, na dizeli hii ina masharti.

"Mpya" hapa ina maana yetu ya siku zote, yaani mpya mjini. Mazda walianza kuiuza Japani Desemba 2017 na uzalishaji kwa soko la huko ukaisha mwishoni mwa 2023. Mrithi wake, CX-80, yuko kwenye bei nyingine kabisa, tumwache. CX-8 ina urefu wa mita 4.9 na upana wa mita 1.84, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2,930, sawa na ile CX-9 kubwa ya soko la Marekani na Australia. Kipimo hicho cha mwisho ndicho cha kukitazama kwenye gari yoyote ya mistari mitatu. Nissan X-Trail ya kizazi cha T32 ina 2,705. Mitsubishi Outlander ya 2012 hadi 2021 ina 2,670. Toyota Vanguard, ambayo kila familia ya mjini ina shemeji anayeimiliki, ina 2,660. Sentimita 22 hadi 27 za ziada ndizo zilizogeuzwa kuwa nafasi ya miguu.

Mazda walisema siti ya tatu waliibuni kwa mtu wa hadi sentimita 170. Mimi nimezidi hapo kidogo. Nikikaa nyuma magoti yana nafasi, ila kichwa kinaanza kutambua dari liko wapi. Kutoka Arusha hadi Moshi, kilomita 80 hivi, nakaa bila kununa. Hadi Dar, mtanikuta siti ya kati.

Buti, je? Siti zote zikiwa wima unabaki na lita 239, ukihesabu na kile kisanduku cha chini ya sakafu. Hapo yanaingia mabegi mawili ya wastani na mkungu wa ndizi mshare, tena ukikubali kuukata vichane. Ukilaza mstari wa tatu unapata lita 572. Sasa fikiria msafara wa Desemba, watu wanatoka Dar kuja Machame na Rombo na mizigo ya sikukuu, halafu wanarudi na ndizi na maparachichi ya shangazi. Familia ya watu saba kwenye CX-8 bado itahitaji keria juu. Kwenye washindani wake keria ni lazima hata kwa safari ya kulala siku moja.

Na kuna jambo la uzito ambalo sijaona muuzaji akilitaja. Kwenye hati za gari za Kijapani, uzito wa jumla unapatikana kwa kuchukua uzito wa gari tupu na kuongeza kilo 55 kwa kila siti. Siti saba ni kilo 385, basi. Hakuna begi humo. Sasa ingia kwenye kikao chochote cha ukoo Kibosho unitafutie watu wazima saba wa kilo 55. Ukiona gari ya siti saba imekalia matairi ya nyuma na taa zinaangaza juu ya miti, si lazima shokapu ziwe zimekufa. Mara nyingine gari imebeba zaidi ya ilichohesabiwa.

Mama mmoja wa Njiro alinijia na orodha ya gari nne kwenye simu. "Fundi, nina watoto wanne na mama mkwe anaishi nasi, nipe jibu moja." Nikamuuliza, mama, mama mkwe anakaa wapi? "Mbele," akajibu, kwa sauti iliyoonyesha kwamba hilo halijadiliwi. Baba anaendesha, mama yuko kati na watoto wawili, nyuma kabisa wanabaki wawili wadogo. Kwa safari zao za kanisani na shule nilimwambia X-Trail inatosha, abaki na hela yake. Hakuna haja ya kununua magoti ambayo hakuna mtu mzima wa kuyatumia.

Tofauti inaonekana mtakapoanza kupanda. Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na geti la Marangu limepita mita 1,800. Injini isiyo na tabo (turbo, ile pampu ya kuisukumia hewa) inapoteza nguvu kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Toyota Rush yenye injini ya 1.5 na farasi 104 ikifika kwetu inafanya kazi kama ya farasi 90. Ikiwa na dereva peke yake hutaona shida. Weka watu saba, toka Moshi kwenda Marangu kwenye ile miinuko ya baada ya Himo, hapo utaizima AC mwenyewe bila kuambiwa. X-Trail ya 2.0 ina farasi 147 na inajitahidi, lakini gia boksi yake ni CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, na CVT yoyote ikibebeshwa mzigo mlimani kwa muda mrefu inapata joto. Likizidi, gari inajilinda kwa kupunguza nguvu. Outlander nayo ni CVT, Vanguard ya 2.4 pia. Sisemi mzikimbie. Nasema oili ya CVT ibadilishwe, iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu (NS-3 kwa hiyo X-Trail), na asije mtu akakuwekea oili ya gia ya kawaida kwa kuwa "zote ni oili".

CX-8 ya dizeli, mlimani iko peke yake kwenye kundi hili. Lita 2.2, farasi 190, na nguvu ya mzunguko ya Nm 450 inayopatikana kwenye mizunguko 2,000 tu. Ina tabo, kwa hiyo hewa nyepesi haiisumbui sana, na gia boksi ni otomatiki ya kawaida ya gia sita. Inapanda na watu wake wote bila kupiga kelele. Mashine yenyewe haina ugeni kwa mafundi wa hapa, ni familia ileile ya dizeli ya CX-5, na CX-5 mjini zimejaa.

Sasa masharti.

Kwenye ekzosi kuna chujio la kukamata masizi, ndilo mafundi wanaloliita DPF. Likijaa, gari inamwaga dizeli ya ziada ili kulipasha joto na kuyachoma masizi. Kazi hiyo inataka gari iwe inatembea kwa dakika kadhaa bila kukatizwa, mwendo wa barabara kuu. Mtu anayetoka Sakina kupeleka watoto shule, anazima, anaenda ofisini, anazima, jioni yuko kwenye foleni ya Mianzini, uchomaji unaanza na kukatwa, unaanza na kukatwa. Dizeli ile isiyoungua inateremka na kuchanganyika na oili. Ndiyo maana kijiti cha kupimia oili cha mashine hizi kina alama ya X juu ya alama ya F, ile ya kujaa. Oili ikipanda hadi X, maana yake imejaa dizeli. Imwage, weka mpya. Wengi wetu tumezoea kuogopa oili ikipungua. Hapa ogopa pia inapoongezeka.

Dalili za uchomaji si ngumu kuziona: gari imesimama lakini mzunguko wa injini uko juu kidogo, mfumo wa kuzima injini kwenye foleni umegoma, ukizima gari feni inaendelea kunguruma. Ukiona hivyo na una muda, usizime. Zunguka hadi Usa River urudi. Oili iwe ya majivu machache, ACEA C3 au ile yenye alama ya Kijapani ya DL-1, na dizeli ununue kwenye kituo kinachoeleweka, si ya kwenye madumu. Fundi akikushauri aling'oe hilo chujio alitupe na "kuichezea kompyuta kidogo", mwambie asante, ondoka na gari yako.

Kwa hiyo ushauri wangu unafuata njia zako. Kama kila wiki una safari ya Moshi, Karatu au Namanga, dizeli ya CX-8 itakufurahisha, na kwenye lami ndefu inabana mafuta kwa gari ya tani 1.8. Kama maisha yako yote yako kati ya Njiro na Clock Tower, tafuta ya petroli. Ya 2.5 isiyo na tabo ilikuja mwishoni mwa 2018 pamoja na ya 2.5 yenye tabo. Inakunywa zaidi, ila haina habari za masizi.

Matuta. Chini CX-8 ina milimita 200, namba nzuri, lakini gari ndefu inaposimama juu ya tuta tumbo linakuwa mbali na magurudumu yote mawili. Yale matuta ya wananchi, yaliyojengwa kwa hasira baada ya ng'ombe kugongwa, yataligusa ukiwa umejaza watu. Rush ina milimita 220 na ni fupi, tena inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwa njia ya shamba yenye vumbi na mashimo inaitangulia CX-8 bila ubishi. Pale masika yanapogeuza njia kuwa tope jekundu, zote hizi zinampisha Prado.

Upande wa TRA, yaani mamlaka ya mapato, ushuru wa bidhaa unafuata CC, ukubwa wa injini: zaidi ya 1,000 hadi 2,000 ni asilimia 5, kupita 2,000 ni 10. X-Trail na Outlander ya 2.0 zinaponea kwenye 5, na Honda CR-V ya siti saba ya 1.5 pia, ingawa hiyo ni adimu. CX-8 zote ziko juu ya 2,000. Kisha kuna ushuru wa uchakavu: miaka 8 hadi 10 unaongezewa asilimia 15, ikipita 10 ni 30. Vanguard ya mwisho ni ya 2013, zote ziko kwenye 30 tayari. CX-8 za 2018 nazo zinafika miaka 8 mwaka 2026, na bei yake ya Japani ikishuka ghafla, hiyo ni sababu mojawapo. Piga hesabu ya kufika mlangoni kabla hujalipa chochote.

Wale watakaoniuliza kuhusu Noah, ile van ya Toyota: ndiyo, kwa watu saba na mizigo inazishinda zote nilizozitaja, mlango wa kuteleza na yote. Tatizo ni kwamba nusu ya wateja wangu hawataki kusimamishwa stendi na abiria.

Ukiagiza, hesabu siti kwenye picha mwenyewe. CX-8 nyingine ni za watu sita, zina viti viwili vya kujitegemea mstari wa kati, vizuri kweli lakini ni sita. X-Trail ya haibridi ya T32 na Outlander ya kuchaji umeme ya kizazi kile cha hadi 2021 ni za watano. Laza na kuinua mstari wa tatu, vuta mikanda yake yote, na ufunue sakafu ya buti: gari nyingi za Kijapani za miaka hii haziji na tairi la spea, zinakuja na chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo. Tairi lako la spea litaishia juu kwenye keria, pamoja na ule mkungu.