Kivinjari cha Simu: Yanayosemwa Ngamiani na Ukweli Wake

Katika vibanda vya mafundi simu vya Ngamiani, mjini Tanga, mteja anayenunua simu janja mara nyingi huwekewa na fundi kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, na pamoja nacho hupewa maelezo ambayo baadhi yake si sahihi. Inafaa maelezo hayo yachunguzwe, kwa kuwa kivinjari ndicho kinachopitisha nenosiri, fomu za maombi ya chuo na kurasa zote zinazosomwa, na ndicho kinachotafuna bando la mwenye simu.

Wengi huamini kwamba Google na kivinjari ni kitu kimoja. Google ni mtambo wa kutafuta, ilhali Chrome ni kivinjari ambacho kampuni hiyo hiyo ilikitoa mwaka 2008 kwa kompyuta na mwaka 2012 kwa simu za Android. Mtu anaweza kutumia Firefox, ambacho ni kivinjari kingine, huku akitafuta kwa Google, au akatumia Chrome na kutafuta kwa DuckDuckGo, mtambo mwingine wa kutafuta.

Dhana yenye nguvu zaidi ni ile isemayo kwamba kivinjari cha Opera Mini hakili bando. Sifa hiyo ina msingi wa kweli. Tangu ilipoanza mwaka 2005, Opera Mini imekuwa ikituma ombi la mtumiaji kwenye seva, yaani kompyuta za kuhudumia mtandao, za kampuni ya Opera, ambako ukurasa hubanwa kabla ya kuletwa kwenye simu, na kwa msomaji wa habari mwenye bando dogo hii ni nafuu ya kweli. Hata hivyo, nafuu hiyo inahusu kurasa zinazofunguliwa ndani ya kivinjari chenyewe. Haigusi video zinazotazamwa kwenye programu ya YouTube wala picha zinazopokelewa kwa WhatsApp, na huko ndiko bando la watu wengi linakoishia. Tena, katika kiwango cha juu kabisa cha ubanaji, kurasa zenye shughuli nyingi, kama vile fomu ndefu za maombi, huweza kukataa kujazwa au kuvurugika. Jambo zito zaidi ni kwamba ukurasa unaobanwa hivyo huwa umepita mikononi mwa seva ya kati. Kwa maoni yangu, Opera Mini inafaa sana kusomea magazeti, lakini shughuli za benki zifanyiwe kwenye kivinjari kinachowasiliana moja kwa moja na tovuti husika.

Kuhusu hali fiche (incognito) ya kivinjari, vijana hudhani kwamba ukiiwasha hakuna anayeweza kujua unachotembelea. Inachofanya ni kutohifadhi historia na kufuta vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha) kwenye simu yako pindi unapofunga vichupo vyote fiche, yaani kurasa zote ulizofungua katika hali hiyo. Kampuni ya mtandao wa simu, mwenye Wi-Fi ya hoteli na tovuti unayoitembelea bado wanaweza kuona mengi. Hali hii inamfaa anayeazima simu ya ndugu yake ili afungue barua pepe. Haimfai anayetaka kujificha.

Ipo pia imani kwamba alama ya kufuli kando ya anwani ni ushahidi wa uaminifu wa tovuti. Kufuli ilimaanisha tu kwamba mawasiliano yamesimbwa, yaani yamefichwa kwa msimbo, yakiwa njiani, na matapeli nao husimba ya kwao. Kwa sababu hiyo, mwaka 2023 Chrome iliiondoa alama hiyo kwenye upau wa anwani na kuweka nyingine. Kinachopaswa kusomwa kwa makini, herufi kwa herufi, ni anwani yenyewe.

Mwisho ni dhana kwamba simu ikishakuwa na kivinjari kizuri, uzee wake haudhuru. Kivinjari hutegemea toleo la Android, mfumo unaoendesha simu: Chrome 119, iliyotoka mwaka 2023, ndiyo ya mwisho kufanya kazi kwenye Android 7, na simu ya namna hiyo haipati tena marekebisho ya usalama ya Chrome, hata ikiwa kioo chake kinang'aa na betri yake inadumu. Anayenunua simu iliyotumika aombe kwanza aishike, afungue Mipangilio, aingie sehemu ya Kuhusu simu, na asome namba ya toleo la Android kabla ya kutoa fedha.