Bango la reli si picha ya treni

Wiki iliyopita mteja mwingine, mwenye mabasi ya mikoani, alinirudishia rasimu ya bango lake kwa swali moja: "Basi liko wapi?" Nilikuwa nimemchorea ufuko, mnazi, jina la mji na saa ya kuondoka. Nikamwonyesha mabango ya zamani ya reli za Uingereza ambayo ndiyo yaliyonifunza kazi hii. Akajibu wanavyojibu wote: hayo ni ya reli, bila shaka yamejaa treni.

Hayakujaa treni. Nimelirudia jambo hili mara nyingi mno, leo naliandika.

Mwaka 1908 kampuni ya Great Northern Railway ilitaka kuwavuta watu wa London wakapunge upepo Skegness, mji wa pwani ya mashariki. Mchoraji John Hassall alilipwa gini 12 (fedha za Uingereza za enzi hizo), akachora mvuvi mnene, mabuti miguuni na kiko mdomoni, ametandaza mikono anarukaruka mchangani. Maneno yake yanasema tu kwamba hewa ya Skegness inachangamsha mno. Treni huioni, wala moshi wake. Mtu aliyesimama stesheni anajua treni ipo, ameshaisikia ikipiga honi. Anachokosa ni sababu ya kukata tiketi, na sababu hiyo ndiyo Hassall aliyoichora.

Kampuni za reli za Uingereza zilipounganishwa kuwa nne kubwa mwaka 1923, ushindani wa kugombea wasafiri wa likizo ulizidi. LNER, mojawapo ya hizo nne, iliyoshika njia ya mashariki, ilimtumia sana mchoraji Tom Purvis. Mwaka 1931 akatoa mabango sita, East Coast Joys: huku watu wanatembea, kule wanaota jua, kwingine wanavua samaki. Kila moja linajitegemea. Yapange sita sambamba, pwani inaungana na kuwa picha moja ndefu. Nikiliona hilo hadi leo nasisimka, maana yule bwana aliuza pwani nzima bila kuchora hata gurudumu.

Hapo hutokea mjuzi wa kuniuliza: mbona Cassandre, mchoraji mabango wa Ufaransa, alichora treni? Alichora, katika bango la treni ya Nord Express la 1927. Tazama alivyoitazama injini kutoka chini kabisa, inavyopanda juu yako na kukimbilia mbali. Kilichochorwa pale ni kasi. Mwaka huohuo, kwa ajili ya treni ya Étoile du Nord ya Paris hadi Amsterdam, aliiacha treni nje: reli zinakimbilia upeo wa macho, juu yake nyota. Mteja akiwa na sababu nzito kama ya Nord Express, basi lake nitalichora kwa moyo mmoja. "Watu waone ni jipya" si sababu.

Wengine huniambia rangi chache na bapa za Purvis zinaonyesha uchapaji duni wa zamani. Kwenye lithografia, uchapaji wa mabango wa enzi hizo kwa jiwe au bamba bapa, kila rangi ilikuwa na bamba lake, na wachapaji wa wakati huo waliweza kutoa picha zenye vivuli vingi wakitakiwa. Purvis alichagua. Bandika rasimu yako ukutani, rudi nyuma hatua kumi, utaelewa kwa nini: kwa mbali rangi chache ndizo zinazosomeka.

Kwamba mabango yalikuwa kazi ya wachoraji walioshindwa kwingine? Mwaka 1924 kampuni ya LMS, nyingine ya zile nne, kwa ushauri wa mchoraji Norman Wilkinson, iliwaagiza wachoraji wa Royal Academy yenyewe, taasisi ya wasanii wakubwa wa Uingereza.

Na si kweli kwamba sisi wa Afrika Mashariki hatukuwamo kabisa kwenye mabango hayo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Reli ya Uganda ilikuwa na bango lililowaita makabaila wa Uingereza waje kukwepa baridi kwenye nyanda za juu ambazo leo ni za Kenya, wakitazama wanyama kutoka ndani ya mabehewa. Tulikuwamo kama mandhari ya wengine, na hilo linaniuma kila nikilitazama.

La mwisho ni kwa wanaoniletea "bango halisi la 1930" walilonunua mtandaoni. Chukueni lenzi ya kukuzia. Mkiona vitone vidogo vilivyojipanga kama vijiua, hiyo ni chapa ya ofseti, uchapaji wa mashine wa kisasa, ya juzijuzi. Lithografia ya mabango yale ina chembe zisizo na mpangilio, au rangi iliyotandazwa bila kitone.