Usiizime Baloo, iambie isome wapi

Mama mwenye steshenari pale Mwanjelwa alinipigia mapema asubuhi: “Fundi, kompyuta inahema tu, hata barua haifunguki.” Mashine ina RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka, na Linux yenye KDE Plasma 6, yaani madirisha na menyu unazoziona kwenye skrini. Niliandika `top` kwenye terminali, nione programu ipi inaielemea mashine. Juu kabisa ilikuwa baloo_file_extractor, sehemu ya Baloo, programu ya KDE ya kutafuta faili.

Mafundi wengi hapo wangeandika `balooctl6 disable`, wakaizima Baloo na kuondoka. Mimi sikubali. Walimu humletea huyu mama mitihani achape, na mwaka ukipita mwalimu hurudi akikumbuka swali moja tu, jina la faili kasahau. Baloo, ambayo KDE iliileta mwaka 2014 badala ya programu yake ya zamani, Nepomuk, husoma maneno ya ndani ya faili na kuyatunza kwenye faharasa. Ukiandika `baloosearch6` na maneno mawili ya lile swali, mtihani unapatikana.

Kwa hiyo nilitaka kujua inasoma nini. `balooctl6 monitor` huonyesha kila faili linapopitiwa. Nikaona wasifu wa waombaji kazi, mikataba ya mashamba, barua za mahakamani. Kumbe flashi ya kila mteja ilinakiliwa nzima kwenye folda ya Wateja kabla ya kuchapa! Hapo nilisahau habari ya uzito wa mashine. Yeyote akitafuta jina la mtu, mambo yake yanatokea kwenye skrini mbele ya foleni.

Amri ya kuiambia Baloo isisome folda hiyo ilikuwa moja:

`balooctl6 config add excludeFolders /home/duka/Wateja`

Kisha `balooctl6 purge`, inayofuta faharasa ili ijengwe upya. Nyaraka zenyewe haziguswi. Hatua hii msiiruke. Faharasa hukaa ~/.local/share/baloo/index katika muundo wa LMDB, aina ya hifadhidata, na faili hilo halipungui ukubwa hata vitu vikiondolewa ndani yake.

Tukaiacha mashine ifanye kazi hiyo usiku. Asubuhi `balooctl6 status` ikaonyesha hakuna faili linalosubiri.

Mitihani iliyoskaniwa ni picha tu, Baloo haioni maandishi yake. Hiyo tumeanza kuipa majina kamili: somo, darasa, mwaka. Na folda ya Wateja mama anaifuta kila jioni kabla ya kufunga duka, maana kuificha kwenye utafutaji hakuziondoi nyaraka za watu kwenye diski.