Bwana nyama, ngiri nani kamwambia mvua inakuja?

Hilo swali niliulizwa na mzee mmoja mrina asali kule Ugalla, Tabora, mwishoni mwa mwezi wa 11, mvua imeshakolea. Mbele yetu ngiri jike kapiga magoti anang'oa majani mapya pale palipoungua moto wa kiangazi, nyuma vitoto vitatu, mikia juu. Mzee akaniambia, "Mwanangu, sisi redio inatudanganya kila mwaka, huyu nani kamwambia?"

Kiukweli hakuna aliyemwambia. Mimba ya ngiri ni karibu miezi 6, sasa we rudi nyuma uone, alipandwa huko mwezi wa 5, mvua za Tabora ndo zinaisha, jike kala nyasi miezi yote ile kanenepa, na mwili ukiwa na akiba ya mafuta homoni zinaruhusu mayai kupevuka, basi. Hajatabiri kitu. Ni kwamba ukoo wa wale waliokuwa wanazaa mwezi wa 7 haukufika mbali, kwasababu kinachomkomoa mama sio mimba, ni maziwa. Mimba kiangazi anabeba, ila kunyonyesha juu ya nyasi kavu kama ufagio, hapo mama anaisha na mtoto anaisha.

Nyati hesabu yake nyingine. Mimba miezi 11 hivi, kwahiyo anashika mimba mvua zikiwa zimekolea na anazaa mvua za mwaka unaofuata, karibu majira yaleyale. Tembo ndo ananifurahisha zaidi, miezi 22! Akishika mimba mwezi wa 1 mwaka 2024 anazaa mwezi wa 11 mwaka 2025, mvua hiyo inaanza. Ila ukame ukiwa mkali jike la tembo haliingii joto kabisa, linasubiri hali itulie.

Wenzetu wa Ulaya wanyama wao wanafuata mwanga. Kulungu wa Scotland mwezi wa 6 anaona mchana wa masaa 17, mwezi wa 12 masaa 7, hapo ubongo unasoma kalenda bila shida, wanapandana mwezi wa 9 na wa 10, wanazaa majira ya joto. Sasa huku kwetu nyuzi 5 kusini mwa ikweta mchana mrefu na mfupi wanapishana kama nusu saa tu, kwahiyo kwa wengi majani na mvua ndo vinaongea zaidi. Sokwe wa Gombe hao ndo kabisa, wanazaa mwezi wowote, mama anakaa na mtoto miaka 5 au zaidi kabla ya mwingine, hata angelenga mvua moja angekosa zinazofuata.

Shida inakuja hapa: ngiri anapandwa kwa nyasi za msimu uliopita, mvua ijayo hajaiona. Ikichelewa mpaka katikati ya mwezi wa 12, vitoto vilishazaliwa zamani na maziwa hakuna. Kwahiyo ukipita mwezi wa 1 ukakuta jike na kitoto kimoja usikimbilie kumlaumu chui, japo chui naye simtetei, kwanza muulize mzee wa mizinga mvua ya kwanza ilianguka lini.